John Boyd Orr

John Boyd Orr (23 Septemba 1880 – 25 Juni 1971) alikuwa daktari, mtaalamu wa lishe na mwanasiasa kutoka Uskoti. Alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Katika Afrika Mashariki anajulikana hasa kwa utafiti juu ya chakula na afya ya Wamasai na Wakikuyu wa Kenya, alioufanya pamoja na Dkt. John Gilks na kuuchapisha mwaka 1931. Katika utafiti huo, na katika kazi zake nyingine za Uingereza, alitetea hoja moja: mtu anaweza kushiba kila siku, lakini mwili wake ukakosa vitu vinavyojenga mifupa, meno na misuli. Baadaye aliongeza kwamba sababu ya upungufu huo mara nyingi si ujinga wa mlaji, bali ni umaskini wake.

## Utoto na elimu

Orr alizaliwa Kilmaurs, kijiji kilicho karibu na mji wa Kilmarnock, magharibi mwa Uskoti. Alikuwa mtoto wa katikati kati ya watoto saba wa Robert Orr na Annie Boyd. Baba yake alimiliki machimbo ya mawe, na alikuwa Mkristo mwenye bidii wa Kanisa Huru la Uskoti. John alipokuwa na umri wa miaka mitano, familia ilipata hasara kubwa baada ya kupoteza meli yake, ikauza nyumba na kuhamia West Kilbride, kijiji cha pwani.

Akiwa na miaka 13 alipata ufadhili wa kusoma sekondari mjini Kilmarnock. Huko alivutiwa zaidi na maisha ya vibarua wa machimbo kuliko na vitabu, hata wazazi wake wakamrudisha nyumbani. Aliendelea na masomo katika shule ya kijiji, akiwa mwanafunzi na papo hapo mwalimu msaidizi wa madarasa ya chini.

Mwaka 1899 aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow kwa ufadhili wa serikali kwa ajili ya walimu. Glasgow ulikuwa mji wa viwanda na meli, wenye utajiri mwingi na mitaa ya maskini iliyojaa watu kupita kiasi. Kijana huyo wa kijijini aliona watoto wenye miguu ya matege na nyuso zilizopauka.

## Kutoka ualimu hadi udaktari

Baada ya kuhitimu mwaka 1902, Orr alipangiwa shule katika mtaa wa maskini mjini Glasgow. Darasa lilifurika watoto, na wengi wao walikuwa na njaa, wagonjwa na wenye chawa. Aliona kwamba hakuna somo ambalo angeweza kuwafundisha watoto wenye hali ile, akaacha kazi baada ya siku chache tu. Kisha alifundisha kwa miaka kadhaa katika shule ya Saltcoats, karibu na nyumbani kwao.

Hata hivyo, aliyoyaona Glasgow hayakumtoka. Alirudi chuo kikuu kusoma biolojia na udaktari, akapata shahada ya sayansi mwaka 1910 na ya udaktari mwaka 1912. Ili kulipa deni la masomo alifanya kazi kwa miezi minne kama daktari wa meli iliyosafiri kati ya Uskoti na Afrika Magharibi. Mwaka 1914 alipata shahada ya juu ya udaktari pamoja na medali ya dhahabu kwa tasnifu yake.

Tarehe 1 Aprili 1914 alifika Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, kuongoza kituo kipya cha utafiti wa lishe ya wanyama. Alikuta mpango mdogo wa jengo la mbao uliotengewa pauni 5,000. Orr aliamua kujenga kwa mawe ya matale, akiamini kwamba kitu cha kudumu kinahitaji msingi wa kudumu. Ujenzi ulikuwa haujafika mbali vita vilipoanza.

## Vita vya kwanza vya dunia

Orr alijiunga na jeshi, akawa daktari wa kikosi cha askari wa miguu katika mahandaki ya Ufaransa. Alipewa nishani mbili za ushujaa, moja baada ya mapigano ya Somme na nyingine baada ya yale ya Passchendaele.

Kazi yake huko ilikuwa pia somo la kinga. Alisimamia usafi, akahakikisha kila askari anapata viatu vikubwa kwa namba moja ili miguu isioze kwa baridi na maji, na akatuma watu kukusanya mboga katika bustani zilizoachwa na wenyeji ili kuongeza kwenye mgao wa nyama ya kopo na biskuti. Kikosi chake kilikuwa na wagonjwa wachache kuliko vingine. Baadaye alihudumu pia katika jeshi la majini.

Mwaka 1915 alimwoa Elizabeth Callum, ambaye alimfahamu tangu ujana wao West Kilbride. Walizaa binti wawili na mwana mmoja. Mwana huyo aliuawa katika Vita vya pili vya dunia.

## Taasisi ya Rowett

Mwaka 1919 Orr alirudi Aberdeen akitaka taasisi kubwa. Alipata msaada wa mfanyabiashara John Quiller Rowett, aliyetoa fedha kwa sharti moja: utafiti juu ya lishe ya wanyama ukileta jambo lenye faida kwa binadamu, watafiti wawe huru kulifuatilia. Taasisi ya Rowett ilifunguliwa na Malkia Mary mwaka 1922.

Miaka ya mwanzo Orr alishughulika zaidi na madini katika malisho. Alionyesha kwamba ng'ombe na kondoo wanaweza kuwa na nyasi tele, lakini udongo ukikosa madini kama kalsiamu na fosforasi, wanyama hudumaa, mifupa yao hulegea na maziwa hupungua. Alikusanya matokeo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1929.

Uchunguzi wa malisho ulifika hadi Kenya, ambako wafugaji waliona mifugo ikikonda katika maeneo yenye nyasi nzuri. Kutokana na hapo Orr alijiuliza kama jambo lililo kweli kwa ng'ombe lingekuwa kweli pia kwa watu wanaoishi kwa mazao ya udongo uleule.

## Utafiti wa Kenya

Katika miaka ya 1920 Orr alishirikiana na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni la Kenya. Walichagua makabila mawili jirani yenye vyakula tofauti. Wamasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe. Wakikuyu walikula hasa nafaka, viazi, ndizi na jamii ya kunde. Maelfu ya watu walipimwa urefu, uzito, nguvu za mikono, meno, damu na hali ya mifupa.

Ripoti ya mwaka 1931 ilisema kwamba mwanamume wa Kimasai kwa wastani alimzidi mwenzake wa Kikikuyu kwa sentimita 13 za urefu na kilo 10 za uzito, na kwamba nguvu zake za misuli zilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 50. Mifupa iliyopinda, meno yaliyooza, upungufu wa damu, magonjwa ya mapafu na vidonda sugu vilionekana zaidi kwa Wakikuyu. Wamasai nao walisumbuliwa zaidi na kufunga choo na maumivu ya viungo. Kwa hiyo ripoti haikusema kwamba chakula cha upande mmoja kilikuwa kamili.

Jambo moja lilikuwa na uzito wa pekee. Tofauti kati ya wanawake wa makabila hayo mawili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya wanaume. Wanawake wa Kikikuyu walikula mboga za majani ambazo wanaume wao hawakuzijali, na mboga hizo zilikuwa na kalsiamu. Orr aliona hapo ushahidi kwamba maziwa si njia pekee ya kupata madini ya mifupa.

### Ukosoaji

Watafiti wa baadaye, akiwemo mwanahistoria Cynthia Brantley katika makala ya mwaka 1997, walionyesha kasoro za utafiti huo. Urefu wa mtu hutokana pia na urithi wa wazazi, si chakula peke yake. Wamasai na Wakikuyu hawakuishi mbalimbali kabisa: walioana, walibadilishana vyakula, na wakati wa ukame walitegemeana.

Kasoro kubwa zaidi ilihusu ardhi. Wamasai walikuwa wamehamishwa kutoka malisho yao kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, na Wakikuyu walikuwa wamepoteza sehemu ya mashamba yao kwa walowezi. Ripoti ilipima kwa uangalifu kilichokuwa chunguni, lakini haikuuliza sana kwa nini chungu kilikuwa na hicho tu. Swali hilo Orr alikuja kuliuliza kwa nguvu zaidi nchini kwake mwenyewe.

## Maziwa kwa watoto wa shule

Wakati utafiti wa Kenya ukiendelea, Orr alianza jaribio Uskoti. Mwaka 1927 watoto wapatao 1,500 wa miji kadhaa waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa maziwa kila siku ya shule, yenye mafuta au yaliyotolewa mafuta. Wengine walipewa biskuti zenye nguvu sawa. Wengine hawakuongezewa kitu. Baada ya miezi saba, watoto wa maziwa walikuwa wameongezeka urefu na uzito kwa takriban asilimia 20 zaidi ya wenzao. Maziwa yaliyotolewa mafuta yalifaa vilevile, jambo lililoonyesha kwamba faida haikutoka katika mafuta.

Rafiki yake wa chuo, mbunge Walter Elliot, aliyatumia matokeo hayo kuishawishi serikali. Kuanzia mwaka 1934 watoto wa shule waliuziwa kwa bei ndogo theluthi moja ya painti ya maziwa, yaani karibu mililita 190 kwa siku. Mwaka 1946 maziwa hayo yalitolewa bure.

## Chakula, afya na kipato

Mwaka 1936 Orr alichapisha kitabu kilichomletea sifa na uadui. Akitumia hesabu za matumizi ya familia 1,152 aliwagawa Waingereza katika makundi sita kwa kipato. Kundi la chini kabisa lilikosa karibu kila kitu muhimu, ikiwemo kalsiamu na vitamini. Kadiri kipato kilivyopanda, ndivyo maziwa, mayai, matunda na mboga zilivyoongezeka mezani, na watoto walikuwa warefu zaidi. Alihitimisha kwamba angalau theluthi moja ya wananchi hawakuwa na fedha za kutosha kununua chakula cha afya.

Baadhi ya viongozi hawakupenda hitimisho hilo, kwa sababu walizoea kusema kwamba maskini hukosa lishe bora kwa kutojua kupika na kuchagua. Orr alijibu kwa takwimu. Kati ya mwaka 1937 na 1939 taasisi yake ilifanya uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, uliohusu familia zaidi ya 1,300 za Uingereza na Uskoti.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza, mawazo yake yaliingia katika mpango wa mgao wa chakula. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walipewa kipaumbele cha maziwa. Afya ya watoto wa maskini haikuzorota kama ilivyohofiwa, bali katika mambo kadhaa iliboreka.

## FAO na bodi ya chakula ya dunia

Mwaka 1945 Orr alichaguliwa kuwa mbunge wa kujitegemea akiwakilisha vyuo vikuu vya Uskoti. Tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo FAO ilianzishwa katika mkutano wa Quebec, Kanada, naye akachaguliwa kuwa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza akiwa na miaka 65. Mwaka uliofuata aliacha ubunge.

Mwaka 1946 alipendekeza iundwe bodi ya chakula ya dunia. Bodi hiyo ingenunua nafaka wakati wa mavuno mengi, ingeweka akiba dhidi ya njaa, ingezuia bei kupanda na kushuka ovyo, na ingeziwezesha nchi maskini kupata ziada ya nchi tajiri kwa masharti nafuu. Marekani na Uingereza zilikataa kukabidhi madaraka na fedha kwa chombo cha namna hiyo, na mpango ukafa mwaka 1947. Orr aliondoka FAO mwaka 1948.

## Tuzo na miaka ya mwisho

Orr alipewa cheo cha heshima cha "Sir" mwaka 1935, na mwaka 1949 akawa mwanachama wa baraza la makabaila. Mwaka huohuo alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani kwa juhudi zake za kuondoa njaa, ambayo aliiona kuwa chanzo cha vita. Fedha za tuzo alizitoa kwa mashirika ya amani. Aliendelea kuandika na kusafiri, na mwaka 1966 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Alifariki nyumbani kwake karibu na Brechin, Uskoti, akiwa na umri wa miaka 90.

## Hoja zake na elimu ya mifupa ya sasa

Wakati wa Orr wataalamu walijali zaidi mifupa ya watoto inayopinda. Leo, kwa kuwa watu wengi zaidi wanafikia uzee, ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuvunjika kirahisi, uitwao osteoporosisi, umepata nafasi kubwa. Hoja yake inahusu ugonjwa huo pia. Mfupa ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Akiba yake hujengwa utotoni na ujanani, na hufika kilele karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo hupungua polepole, na kwa wanawake hupungua haraka zaidi baada ya hedhi kukoma. Mwenye akiba ndogo ndiye huvunjika nyonga, kifundo cha mkono au pingili za mgongo kwa kuanguka kidogo tu.

FAO na Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku kwa watu wazima wengi, na 1,300 kwa vijana balehe na wanawake waliokoma hedhi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300, na gramu 100 za ulezi zina zaidi ya 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kingine kizuri, pamoja na mboga kama sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu pia, lakini sehemu kubwa haifyonzwi na mwili.

Kalsiamu hufyonzwa kwa msaada wa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania ukakuta wana vitamini hiyo kwa wingi, wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu. Kutembea, kulima na kubeba mizigo ya kadiri huimarisha mifupa. Tumbaku na pombe nyingi huidhoofisha.

Mkoa wa Mara, jirani na nchi ya Wamasai, unaonyesha kwamba mgawanyo wa Orr kati ya wafugaji na wakulima hauenei kila mahali. Wakurya wa Tarime, pamoja na Wangoreme, Waikoma na Wanata wa Serengeti, hulima na kufuga kwa pamoja. Ulezi, maziwa, mboga za majani na dagaa wa Ziwa Viktoria vyote hupatikana huko. Ng'ombe wanapouzwa, maziwa yote yakaenda sokoni na ugali wa muhogo au mahindi ukabaki peke yake, kaya hurudi katika hali ambayo Orr aliieleza: tumbo limeshiba, mifupa haijapata chakula.

Maziwa yanahitaji tahadhari. Ugonjwa wa brusela upo katika mifugo ya ukanda huo na huambukiza binadamu kwa maziwa mabichi, hivyo maziwa huchemshwa kwanza. Kuchemsha hakuondoi kalsiamu. Wasioweza kumeng'enya maziwa vizuri mara nyingi huweza kunywa mtindi.

## Kumbukumbu

Tarehe 16 Oktoba, siku ilipoanzishwa FAO, huadhimishwa kama Siku ya Chakula Duniani. Chuo Kikuu cha Glasgow kina jengo lenye jina la Orr, na Taasisi ya Rowett bado ipo, sasa ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Aberdeen.

Kumbukumbu nyingine ni watu wenyewe. Rekodi za watoto wapatao 5,000 wa uchunguzi wa 1937–1939 zilifufuliwa baadaye na watafiti waliowatafuta uzeeni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliokunywa maziwa zaidi utotoni walitembea kwa kasi zaidi na kusimama kwa uthabiti zaidi walipozeeka. Uhusiano huo si uthibitisho kamili kwamba maziwa ndiyo sababu, lakini unakubaliana na alichokitetea Orr: chakula anachopewa mtoto leo huonekana katika hatua za mzee miaka 60 baadaye.